Sahihi ya Msimamizi: Dhamana ya Mafunzo ya Nyanjani Kaskazini Mashariki



Mada yangu ni mafunzo ya nyanjani ya afya ya umma, na dai langu ni moja. Mwanafunzi anawajibika kwa kila anachokiandika, na msimamizi kwa kila anachokitilia sahihi. Anayewadai wote wawili ni jamii inayowafungulia mlango.

Nianze na utepe wa kupimia mkono. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Mzingo wa mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5, ana utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi chini ya 12.5, ana utapiamlo wa wastani. Mwanafunzi akiulegeza utepe milimita 2 tu, 12.4 huwa 12.6, na mtoto aliyestahili kuandikishwa kwenye mpango wa lishe hurudishwa nyumbani. Ripoti haitalionyesha kosa hilo, hata ipigwe chapa kwa unadhifu wa namna gani. Litaonwa na mtu aliyesimama kando ya mwanafunzi, akakiona kidole kimebanwa chini ya utepe.

Ndiyo maana nasema kusimamia si kupiga simu kutoka mjini, kisha kutia sahihi kurasa za wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Msimamizi na aende. Achague watoto kadhaa waliokwisha kupimwa, awapime upya bila kutazama rejista, kisha walinganishe na mwanafunzi wake hapo hapo. Naye mwanafunzi, asipoifikia manyatta fulani kwa sababu barabara imekatika, aandike kwamba hakufika. Nafasi iliyoachwa wazi kwa ukweli ina faida kuliko tarakimu ya kubuni.

Pili, eneo hili lilifunzwa kwa gharama kubwa thamani ya habari ya mapema. Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua nyingi zilileta mafuriko, na mayai ya mbu yaliyolala ardhini yakaanguliwa. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo na watu unaoenezwa na mbu, ikazuka Garissa, kama ilivyokuwa imezuka mwaka 1997. Kati ya Novemba 30, 2006 na Machi 12, 2007, Kenya iliripoti wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki. Utafiti uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba wafugaji wa Kisomali walikuwa wameziona dalili kabla ya wakuu kuchukua hatua: mbu wengi kupita kawaida, mifugo kutupa mimba na kufa.

Basi mwanafunzi asiwe mateka wa fomu. Mzee akimweleza habari za mbuzi ilhali swali linahusu choo, asikilize na aandike. Msimamizi naye azifikishe habari hizo siku hiyo hiyo kwa afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa na kwa daktari wa mifugo. Asingoje ripoti ya mwisho wa muhula.

Jambo la tatu ni heshima na siri. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda ridhaa na siri ya mgonjwa, na mwanafunzi hana msamaha. Mama anayeulizwa kuhusu uzazi wake aulizwe na mwanamke, faraghani. Mkalimani asiwe mumewe wala jirani yake. Kupanga hayo ni kazi ya msimamizi kabla gari halijaondoka. Mama akikataa, mwanafunzi ashukuru na aende zake. Huduma ya mama huyo isipungue hata kidogo.

La nne ni usalama. Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Baada ya siku hiyo, hakuna mkufunzi katika mji huu awezaye kusema usalama wa mwanafunzi haumhusu. Msimamizi asimtume mahali ambapo hajauliza hali ya njia kwa chifu na kwa wenyeji, wala asimpime bidii kwa hatari aliyojitia. Mwanafunzi naye asiibadili njia iliyopangwa bila kutoa taarifa.

La mwisho ndilo tunalolisahau zaidi. Tunachukua majibu ya watu, tunatoa alama, tunafunga faili. Naomba vyuo vyetu visimpe mwanafunzi alama kamili mpaka arudi barazani na msimamizi wake, wawaeleze wenyeji kwa Kisomali au Kiswahili walichokiona: kisima kipi kina maji machafu, watoto wangapi hawajamaliza chanjo, na nani amekwisha kuarifiwa.

Wasimamizi wenzangu, tusitie sahihi tusichokiona. Wanafunzi wangu, msiandike msichokipima. Watu wa Kaskazini Mashariki wamekwisha kutimiza sehemu yao kwa kutukaribisha. Sasa nasi tutimize yetu.