Usiache Kidonge kwa Siri
(Hotuba ya mjumbe wa afya katika mkutano wa tawi)



Kamati imeniomba niseme juu ya vidonge vya kupunguza lehemu, yaani yale mafuta ya damuni yaitwayo kolesteroli. Sababu ni hii: wenzetu wengine hupewa dawa hizi na daktari, kisha baada ya miezi michache huziacha kimya kimya. Mmoja husema, "Sisikii ugonjwa wo wote." Mwingine husema, "Nimeambiwa ukizimeza miaka mingi zinakuharibu." Mimi si daktari, lakini mambo haya yanajulikana, na yafaa tuyajue sote.

Lehemu hutengenezwa na ini letu wenyewe. Ikizidi hushika katika kuta za mishipa, kama kutu ndani ya bomba, wala huumwi, mpaka siku mshipa wa moyo au wa ubongo unapoziba. Dawa za jamii ya statini hulizuia ini lisitengeneze nyingi. Ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 1987, basi si dawa za jana.

Mwaka 1995 ilitangazwa habari ya wanaume 6,595 wa Scotland ya magharibi, wenye miaka 45 mpaka 64, ambao lehemu yao ilikuwa juu. Nusu walipewa statini, nusu kidonge kitupu, kwa muda wa miaka mitano hivi. Kwa waliopewa dawa, mashambulio ya moyo yalipungua karibu theluthi moja. Madaktari wakaendelea kufuata habari zao hata miaka 20 ikatimia. Faida ilikuwa ingali ikionekana, wala kansa haikuzidi kwao.

Je, madhara hakuna? Yapo, tusifichane. Wengine huumwa misuli. Mara chache sana misuli huharibika na kudhuru figo. Kwa sababu hiyo statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni mwaka 2001 baada ya watu kufa. Tena, sukari ya damu yaweza kupanda kidogo, hasa kwa mtu aliyekwisha karibia ugonjwa wa kisukari. Ini nalo laweza kusumbuka, ingawa kuharibika kabisa ni nadra.

Sasa, mtu abebaye magunia kutwa ataumwa mabega hata bila kidonge. Atajuaje? Asikisie, aende akapimwe. Lakini ukiona misuli inauma sana au inalegea pasipo sababu, na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, usingoje kesho. Nenda hospitali siku ile ile.

Mwambie daktari dawa zote unazomeza, hata zile za virusi vya Ukimwi, maana nyingine hazipatani na statini. Uliza pia juu ya balungi. Mama mwenye mimba, au anayetazamia kuipata, aseme mapema.

Na kama ni fedha zimekwisha, ndugu yangu, hiyo si aibu. Sema, upewe ya bei nafuu. Ukiacha, lehemu hurudi juu katika majuma machache, nawe hutasikia lo lote. Na kama msimamizi anakunyima ruhusa ya kwenda kliniki, mlete habari mwakilishi wako. Kazi hiyo ndiyo ya chama.

Kidonge kikikusumbua, kibadilishwe na daktari. Usikiache kwa siri.