Mgonjwa Haulizwi Uji

Wasikilizaji wapenzi, juma hili naomba ruhusa yenu nizungumze habari zangu mwenyewe. Si kawaida ya kipindi hiki. Lakini wengi wenu mmekuwa mkiniuliza, kwa barua na hata ndani ya daladala, kwa nini sauti yangu ilipotea hewani kwa miezi saba, na kwa nini iliporudi ilikuwa nzito kidogo. Nimekuwa nikijibu kwa mzaha. Leo nitajibu sawasawa.

Nilipatwa na kiharusi nikiwa na umri wa miaka 43. Asubuhi hiyo nilikuwa nanyoa ndevu. Wembe ukanidondoka, nikainama kuuokota, nisiweze kuinuka tena. Nikataka kumwita mke wangu, na sauti iliyotoka haikuwa jina lake wala jina la mtu yeyote. Nilikuwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi, na vidonge vyake nilikuwa nikimeza siku nilizokumbuka tu. Kosa hilo ni langu.

Hospitali walinitibu, nikarudi nyumbani nikivuta mguu wa kulia. Wiki mbili za kwanza nyumba ilijaa watu utadhani kuna arusi. Walikuja wafanyakazi wenzangu, majirani, na jamaa kutoka shamba, kila mmoja na pole yake na machungwa yake. Na kila aliyeaga aliacha maneno yale yale: "Ukihitaji kitu chochote, usisite kusema." Wiki ya tano walikuja watu watatu. Mwezi wa tatu hakuja mtu.

Siwalaumu. Waliuona mwili unapata nafuu, wakarudi kwenye shughuli zao. Yale yaliyonipata ndani hayakuonekana. Saa tisa za usiku nilikuwa macho. Chakula nilikitafuna bila kujua ladha yake. Watoto wakicheka sebuleni, nilikasirika. Jirani akifungua redio, niliomba ifungwe, maana mtu mwingine alikuwa ameketi kwenye kiti changu na mimi sikuweza hata kutamka jina la mtaa wangu bila kujikwaa. Mazoezi ya mkono niliyofundishwa nikayaacha. Mwisho nikaacha na vidonge vya shinikizo. Mke wangu alinipa kila asubuhi, nami nikavitia mfukoni mwa shati. Nilijiuliza, vya nini?

Ndugu msikilizaji, ugonjwa huo unaitwa sonona. Mitaani tunasema tu kwamba fulani ana mawazo. Mtu akikosa raha, akapoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi na chakula vikavurugika, na hali hiyo ikaendelea karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hana budi kuangaliwa na mganga. Huo si uvivu, wala si upungufu wa imani, wala si mtu kujidekeza.

Tena si ugonjwa wa wachache. Miongoni mwa watu wanaonusurika na kiharusi, takriban mmoja katika kila watatu hupatwa na sonona. Sababu moja ni ubongo wenyewe uliojeruhiwa. Nyingine ni huzuni ya mtu aliyepoteza mkono wake, kazi yake na heshima ya kujifunga vifungo mwenyewe. Na si kiharusi peke yake. Wenye kisukari, saratani, kifua kikuu, UKIMWI na maradhi ya moyo wanaijua njia hii. Hatari yake ni kwamba mwenye sonona huacha dawa na hukosa siku zake za kliniki, na ule ugonjwa wa kwanza hupata nafasi ya kurudi kummaliza.

Aliyeniokoa mimi ni shangazi yangu. Alifika bila taarifa, na hakuniuliza kama nahitaji kitu. Aliweka chupa ya uji wa ulezi mezani, akamimina, akasema, "Kunywa, baba." Nilipomaliza akafungua mkono wake mbele yangu. Ndani yake mlikuwa na vidonge kumi na kimoja.

"Nimefua shati lako," akasema. "Mkono wako nauona unapona. Sasa niambie wewe mwenyewe ukoje."

Nililia, wasikilizaji. Nililia mbele ya shangazi yangu kama mtoto. Hakuniambia jikaze, wewe ni mwanamume. Hakunitajia watu wenye shida kuliko zangu. Alikaa kimya mpaka nilipokwisha, kisha akasikiliza hadithi yote, na kesho yake tukapanda gari kwenda hospitali. Huko alimwambia daktari, "Mkono mmeuangalia vizuri, lakini moyo wake hamjauuliza." Daktari akaniuliza maswali machache tu. Yalikuwa mepesi, nami sikuwa nimeulizwa hata moja kati yake kwa miezi mitatu. Nikaandikiwa dawa, nikaonywa kwamba huchukua wiki kadhaa kabla ya mtu kuona nafuu, na kwamba haziachwi ghafla bila daktari kujua. Nikapangiwa pia siku za kuzungumza na muuguzi wa magonjwa ya akili.

Nilipopata nguvu ya kusoma, nilikutana na habari za nchi ya Zimbabwe zilizonikumbusha shangazi. Mwaka 2005 Dk. Dixon Chibanda, mmoja wa mabingwa wachache wa magonjwa ya akili nchini humo, alimpoteza mgonjwa wake kijana aliyejiua. Familia ilitaka kumleta hospitali, ikakosa nauli ya basi, dola 15. Daktari yule akatambua kwamba hakuna faida ya kumngojea mgonjwa hospitali ikiwa mgonjwa hawezi kufika. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, alianza kuwafundisha akina bibi 14 waliokuwa wakisaidia kazi za afya mtaani. Wakawekewa mabenchi nje ya zahanati, na jina la kazi hiyo likawa Benchi la Urafiki.

Bibi hamwambii mtu kwamba ana sonona. Anatumia neno la Kishona, "kufungisisa", maana yake kufikiri kupita kiasi. Ni sawasawa na mawazo yetu. Anamwacha mgonjwa ataje shida zake zote, kisha wanachagua moja, na mgonjwa mwenyewe anapanga hatua ya kuanzia. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa kwenye benchi walikuwa karibu 14 katika kila 100. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Baada ya benchi, wagonjwa hujiunga na vikundi ambamo hufuma mifuko kwa plastiki zilizotupwa huku wakizungumza. Mpango huo umekwisha kuvuka mipaka, ukafika Malawi na Zanzibar.

Shangazi yangu hajapata kusikia habari za Mbare, lakini naye aliniuliza, "Katika yote hayo, lipi limekukaa zaidi?" Nikamjibu kwamba naona haya kutoka nje nikichechemea. "Basi mtaje mtu mmoja ambaye humuonei haya." Nikamtaja jirani yangu fundi seremala. Shangazi hakwenda kumwomba kwa niaba yangu. Alinitaka niende mwenyewe, nyumba ya tatu, nikaseme, "Ndugu yangu, naomba unitembeze kila siku saa kumi na moja jioni mpaka kwenye kioski na kurudi."

Sijapata kusema sentensi nzito kuliko hiyo, na nimesoma habari za vifo vya wakubwa. Fundi alicheka tu, akasema, "Kumbe ulikuwa ukingoja nini? Mimi nilidhani hutaki watu." Siku ya kwanza tulifika nusu ya njia. Mwezi wa pili tukafika kioski na kunywa soda.

Jibu la fundi ndilo lililonifanya nilete mazungumzo haya. Yeye aliogopa kunisumbua, nami niliona haya kumwomba. Kati yetu palikuwa na nyumba mbili tu, na vidonge vikarundikana mfukoni.

Kwa hiyo, wewe unayemtembelea mgonjwa, wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Usimwachie kazi ya kukuita, maana mwenye sonona hana nguvu ya kuita. Mpelekee uji na ukae anywe. Usiulize habari za mguu tu, uliza na usingizi. Ukienda wiki ya kwanza, weka akiba ya safari ya mwezi wa tatu, kwani hapo ndipo nyumba inapokuwa tupu. Na akikuambia, au ukihisi, kwamba anafikiria kujidhuru, usimwache peke yake. Ondoa sumu ya panya, dawa za wadudu na vidonge vilivyozagaa, umfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe uliye mgonjwa, mficha maradhi kilio humfichua. Usingoje kuomba msaada wa kila kitu kwa kila mtu. Mtaje mtu mmoja na umwombe jambo moja, na siku yake. Na daktari akikuuliza hali, usimjibu "nzuri" kwa mazoea.

Mimi bado nameza dawa zangu, na mguu bado una ukaidi wakati wa mvua. Lakini leo saa kumi na moja jioni nina safari ya kioski, na fundi hapendi kucheleweshwa.

Hadi juma lijalo, nawatakieni afya njema.