Polisi Aliyekabidhiwa Mji

 

Siku moja tulikuwa mwaloni Kirumba, mjini Mwanza, mahali panaposhushwa dagaa na samaki watokao visiwani. Mzee mmoja alikuwa ameibiwa magunia yake mawili usiku, naye alikuwa na hasira. Akasema mbele ya watu, “Mji huu apewe mkuu wa polisi awe meya, kwa miaka miwili tu. Mtaona kama mwizi atalala hapa.” Wenziwe walicheka, walakini hapana aliyempinga. Sisi nasi hatukumjibu siku ile, kwani neno lake halikuwa la kipuuzi. Jioni hii twataka kumjibu.

Kwanza na tutazame jinsi meya wa Mwanza anavyopatikana. Mwanza ni mji ulioanzishwa na Wadachi mwaka 1892, ukapata cheo cha jiji mwaka 2000, na tangu 2012 upande mmoja wake ni Halmashauri ya Jiji na upande wa pili ni Manispaa ya Ilemela. Kila upande una meya wake. Meya hachaguliwi na watu wote moja kwa moja. Wananchi wa kata huchagua diwani wao, kisha madiwani hukutana katika baraza lao na kumchagua mmoja miongoni mwao awe meya. Kwa hiyo mtu asiyekuwa diwani hawezi kuwa meya, hata angekuwa na sifa nyingi namna gani.

Na hapo ndipo mkuu wa polisi anapokwama. Katiba ya Tanzania, ibara ya 147, yamkataza askari wa polisi kujiunga na chama cha siasa. Haki yake ni kupiga kura tu. Nayo sheria ya uchaguzi yataka mgombea wa udiwani awe ametokana na chama. Basi polisi atakaye kuwa meya hana budi kwanza kuivua sare yake, kustaafu au kuacha kazi, kisha aingie chama, aombe kura katani kama mtu mwingine yeyote, na baadaye awaombe madiwani wenzake. Safari hiyo ni ndefu kwa mtu aliyezoea kupanda cheo kwa amri ya mkubwa wake.

Tena kuna jambo ambalo mzee wetu hakulifikiri. Siku ile mkuu wa polisi atakapoketi katika kiti cha meya, atatazama nyuma yake asimwone askari hata mmoja. Kamanda wa Polisi wa Mkoa hapokei amri kwa meya. Mkubwa wake ni Inspekta Jenerali. Kamati ya usalama ya wilaya huongozwa na mkuu wa wilaya. Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ndiye mwenye watumishi, huteuliwa na Rais. Hata mgambo wa jiji, wale waonekanao sokoni, wako chini ya mkurugenzi huyo. Kilichobaki mkononi mwa meya ni baraza: kuongoza mazungumzo, kupitisha bajeti, kusikiliza malalamiko ya soko na ya taka, na kuwavuta madiwani kwa maneno wakubaliane. Kamanda mzuri aweza kuwa hodari katika mambo hayo, lakini si mambo aliyofundishwa chuoni.

Ndiyo maana nchini Tanzania wakuu wa polisi waliopewa maeneo ya kutawala wamepewa kwa kuteuliwa, si kwa kura. Simon Sirro, aliyekuwa Inspekta Jenerali tangu Mei 2017 hata Julai 2022, alipelekwa Zimbabwe kuwa balozi, kisha Juni 2025 akateuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma. Aliyemtangulia Kigoma, Thobias Andengenye, naye alitoka katika polisi, na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuliongoza Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mkuu wa mkoa ana amri ambayo meya hana. Lakini yeye si wa watu wa mkoa ule. Ni wa Rais aliyemtuma, na Rais akitaka, humwondoa kwa barua moja.

Basi tukitaka kumwona polisi hasa katika kiti cha meya, yatupasa kuvuka mpaka wa magharibi, twende Goma, mji wa Waswahili wa Kongo ulio kando ya ziwa Kivu chini ya mlima wa moto wa Nyiragongo.

Mwezi wa Mei 2021 Rais Félix Tshisekedi alitangaza utawala wa dharura wa kijeshi katika majimbo mawili, Kivu ya Kaskazini na Ituri, kwa kuwa vita na mauaji yalikuwa yamewachosha watu wa huko kwa muda wa miaka mingi. Utawala huo ulianza tarehe 6 Mei. Magavana wa kiraia waliondoka, mahali pao wakawekwa majenerali, na mashauri ya jinai ya raia yakapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Katika miji mikubwa mameya wakawa maafisa wa polisi. Huko Goma aliwekwa François Kabeya Makosa, afisa wa cheo cha juu katika Polisi ya Taifa ya Kongo; na mwaka 2023 kiti chake kilishikwa na afisa mwenziwe, Faustin Kapend Kamand. Miji ya Beni na Butembo nayo ilipata mameya wa namna hiyo hiyo.

Tuseme kweli: watu wa Goma hawakunyang'anywa kura ya meya mwaka ule, kwa sababu hawakuwa nayo. Sheria ya Kongo ya mwaka 2008 yasema meya achaguliwe, lakini uchaguzi wa mitaa uliahirishwa mwaka hata mwaka, na mameya wa kiraia waliotangulia nao waliteuliwa kutoka Kinshasa. Kilichobadilika ni sare. Na watu wengi waliipokea sare hiyo kwa matumaini. Walikuwa wakisema yale yale aliyoyasema mzee wa Kirumba.

Mlima nao haukungoja mtu kuzoea kazi. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, zikiwa zimepita wiki mbili tu, Nyiragongo ulipasuka, uji wa moto ukashuka hata kando ya mji, karibu na uwanja wa ndege. Siku chache baadaye gavana wa kijeshi aliamuru mitaa kumi ihamwe, na mamia ya maelfu ya watu wakatoka, wengine kuelekea Sake, wengine Rwanda. Katika jambo la namna hiyo amri moja yenye sauti moja ina faida yake, wala hatuwezi kuikana. Mlima unapowaka hakuna nafasi ya kujadiliana.

Lakini mji haukai siku zote chini ya mlima unaowaka. Kuna kodi, kuna soko, kuna vijana wa pikipiki, kuna watu wenye hasira wanaotaka kusema. Mwezi wa Agosti 2023 kikundi kimoja cha dini kilitangaza maandamano ya kuupinga ujumbe wa Umoja wa Mataifa. Meya aliyakataza kwa barua. Alfajiri ya tarehe 30 wanajeshi waliwafyatulia watu risasi, wakaua zaidi ya 40. Waliofyatua risasi walikuwa wanajeshi, si polisi wa meya, na baadhi yao walihukumiwa na mahakama ya kijeshi mwaka ule ule. Gavana naye aliitwa Kinshasa, akawekwa mwingine. Lakini kabla ya siku ile, palikuwa na barua iliyokataza, na palikuwa na watu waliokataliwa, na kati ya hao wawili hapakuwa na baraza la madiwani ambamo diwani wa mtaa angesimama na kusema, “Bwana Meya, watu wangu wamekasirika, na sababu yao ni hii.” Sisi twaona hilo ndilo pengo kubwa, kuliko sare yenyewe.

Vita navyo havikwisha. Waasi wa M23 waliteka Bunagana Juni 2022, na mwishoni mwa Januari 2025 waliingia Goma, na utawala ule wa maafisa ukakoma mjini. Si haki kumtwisha meya mmoja mzigo wa vita vya nchi nzima. Twataja tu yaliyotokea.

Mfano mmoja uliotokea wakati wa vita hautoshi kumhukumia polisi. Kwa hiyo na tuvuke bahari twende Marekani, kwa mtu aitwaye Lee Brown. Huyu alianza kazi ya polisi mwaka 1960, na mwaka 1982 meya wa Houston, Bibi Kathy Whitmire, alimweka kuwa mkuu wa polisi wa mji ule, Mwafrika wa kwanza wa Marekani kukishika cheo hicho huko. Sifa yake ilitokana na jambo moja: aliwataka askari wakae karibu na watu wa mitaa, wawajue, wasikilize shida zao kabla uhalifu haujatokea. Wasukuma hawatashangaa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na bunduki kuenea baada ya vita vya Uganda, wanavijiji wenyewe katika Usukuma na Unyamwezi walianzisha sungusungu kwa pinde na mishale. Mwizi alijulikana kwa kuwa majirani walijuana. Sungusungu walitenda pia maovu yao, nao waligombana na polisi na mahakama mara nyingi, hata sheria ikawatambua mwaka 1989. Hata hivyo walionyesha kwamba ulinzi hauanzi kituoni.

Brown alikwenda New York akawa mkuu wa polisi wa huko, kisha akarudi Houston kuomba kura. Alishinda mwishoni mwa 1997, akawa meya Januari 1998. Na sasa msikilize jambo hili: wakati ule meya wa Houston alikaa miaka miwili tu, kisha alirudi kwa wapiga kura, wala hakuruhusiwa kupita vipindi vitatu. Mkuu wa polisi wa zamani ilimpasa kusimama mara kwa mara mbele ya watu wale wale aliowahi kuwalinda, awaeleze kwa nini barabara za katikati ya mji zimechimbuliwa na mbona maji ya mafuriko ya Juni 2001 yaliingia nyumbani mwao. Mwaka huo huo wa 2001 nusura ashindwe. Diwani mmoja alimfuata kwa karibu hata ikalazimu duru ya pili. Reli ya mjini aliyoitetea ilifunguliwa tarehe 1 Januari 2004, siku za mwisho kabisa za utumishi wake.

Twarudi Mwanza. Wengi wenu mwakumbuka Desemba 2016, wamachinga walipokuwa wakiondolewa katikati ya mji, na Rais Magufuli akaamuru kazi hiyo isimame. Mwaka 2021 waliondolewa tena, nchi nzima, wakapelekwa katika maeneo waliyotengewa. Mara zote mbili mwenye ndoo ya ndizi alitaka kujua jambo moja, nalo ni wapi atauzia kesho. Askari hodari aweza kumwondoa njiani kwa dakika tano. Kumpatia mahali penye wateja, na kumfanya apende kwenda, ni kazi ya vikao vingi na miguu mingi, na hapo hakuna filimbi iwezayo kusaidia.

Wala msidhani twaidharau kazi ya polisi. Watu wa Mwanza hawajasahau Oktoba 2012, Kamanda wao wa Mkoa, Liberatus Barlow, alipouawa kwa risasi usiku.

Tulirudi mwaloni tukamweleza mzee habari hizi, za Goma na za Houston. Alisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza dagaa wake juani. Kisha akauliza, “Na wale wa Goma, walipotaka kumlalamikia meya wao, walikwenda kwa nani?” Tukamwambia, Kinshasa, na kwamba mtu wa Goma alipotaka kufika huko alipanda ndege. Akanyamaza kidogo. “Na mimi nikitaka kumlalamikia wa hapa?” Tukamtajia diwani wake. Akasema anamfahamu, na kwamba hajamwona tangu uchaguzi, walakini nyumbani kwake anakujua.

Kwa herini.