Haki za Mwenye Nyumba Mbele ya Mwekezaji: Mfano wa Kariakoo



Kariakoo inabadilika sura kwa ubia. Mwenye nyumba ya chini anatoa kiwanja, mwekezaji anatoa fedha, ghorofa linasimama, kisha wanagawana maduka na vyumba. Ubia wenyewe si mbaya. Kinachowaumiza wenye nyumba ni kuruhusu ubomoaji wakati makaratasi bado. Nguvu ya mwenye nyumba iko kabla ya kusaini, na mada hii inahusu jinsi ya kuitumia.

1. Ridhaa

Ibara ya 24 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na kupata hifadhi ya mali yake kwa mujibu wa sheria. Kibali cha ujenzi hakihamishi umiliki, hivyo mwekezaji mwenye michoro iliyopitishwa bado anahitaji ridhaa yako.

Ridhaa hiyo mara nyingi si ya mtu mmoja. Kwa nyumba ya wanandoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mmoja kuiuza, kuipangisha au kuiweka rehani bila mwenzake kukubali. Kwa nyumba ya urithi, anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wajulishwe mapema.

2. Mkataba

Usikubali maneno "nusu kwa nusu" peke yake. Fremu inayotazama barabara na stoo ya ghorofa ya tano hazilingani thamani. Mkataba utaje kila mmoja anapata sehemu ipi, ujenzi unakwisha lini, fidia ya ucheleweshaji ni kiasi gani, na nani analipa kodi ya familia iliyohama.

Jambo zito zaidi ni hati. Ikiwekwa rehani na mkopo usipolipwa, benki itauza kiwanja chako, hata kama fedha zilitumiwa na mwekezaji. Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya 2008 inaruhusu kila mmiliki kuwa na hati ya sehemu yake. Mkataba useme hati hizo zitatoka lini.

3. Mabadiliko ya baadaye

Kuongeza ghorofa au kuchimba chini ya jengo kunahitaji ridhaa yako ya maandishi, mhandisi aliyesajiliwa na kibali kipya. Hatari ni ya kweli: tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapo hapo Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Mwekezaji anayekaidi masharti hayo, mripoti halmashauri kwa barua, weka zuio kwa Msajili wa Hati, na uombe amri ya kusimamisha ujenzi katika Baraza la Ardhi na Nyumba au Mahakama Kuu, kulingana na thamani ya shauri.

Mapendekezo

Halmashauri zidai mkataba wa ubia uliosainiwa na wahusika wote kabla ya kutoa kibali. Wenye nyumba nao wawe na mwanasheria wao, si wa mwekezaji. Ndugu zangu, msikabidhi funguo kabla mkataba haujasainiwa na nakala yake kuwa mikononi mwenu.