Muuguzi Mkimbizi Apewe Mtihani

Leo nataka tuzungumze kuhusu wauguzi tunaoishi nao mtaani na hatuwatumii.

Kitengela yetu hapa Kajiado ni mji uliojengwa na wageni juu ya ardhi ya Wamaasai. Walianza Wakenya wa kila kabila, waliofuata viwanda vya Athi River na ploti za kujenga. Wakaja pia wakimbizi: Wakongomani wa Kivu, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia, watu wa Sudan Kusini. Mchukue mama aliyesomea uuguzi Bukavu, kule Kongo, akazalisha wanawake miaka mingi kabla vita havijamfukuza. Anajua kupima presha. Anajua kuutafuta mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji mwilini. Anajua la kufanya mzazi anapovuja damu usiku na daktari yuko mbali. Kwetu hapa mama huyo anatembeza vitenge, au ni mama fua. Kufua ni kazi ya halali na inalisha watoto, lakini mikono ile ilifundishwa kuokoa maisha.

Wasikilizaji, haya ya kufukuzwa kwao na kuanza upya ugenini yaliwahi kuwapata wengine. Juni 1940 jeshi la Kisovieti liliikalia Lithuania, na Juni 1941 familia nzima nzima zikaanza kupakiwa kwenye mabehewa kupelekwa Siberia. Baadhi ya watu wa eneo la Vilnius, ambalo kabla ya vita lilikuwa chini ya Poland, walihamishwa pamoja na Wapolandi. Baadhi ya hao raia wa Poland walionusurika walitoka kupitia Iran mwaka 1942, na maelfu yao meli zikawaleta huku kwetu Afrika Mashariki. Waliishi Tengeru karibu na Arusha, Masindi na Koja nchini Uganda, na hata Makindu, hapo kwenye reli ya Mombasa. Tengeru peke yake ilikuwa na watu wapatao 5,000, na shule, kanisa na hospitali yao. Makaburi yao yapo hadi leo. Sisi tunaowaona wakimbizi kuwa ni watu weusi tu, tujue kwamba Mzungu naye alifika kwetu akiwa hana chochote, akapokewa.

Walithuania wengine walikimbilia magharibi mwaka 1944, wakaishia kambini Ujerumani. Oktoba 1946 Uingereza ilianza kuwachukua wanawake wa Lithuania, Latvia na Estonia wakafanye kazi katika hospitali za kifua kikuu, kwa sababu Waingereza wenyewe walikwepa wodi zile. Hawakupelekwa kutibu. Walipewa ufagio na ndoo, hata wale waliokuwa wamesoma. Wapo waliopanda baadaye wakapokewa kwenye mafunzo ya uuguzi, wakauguza watu wa nchi ile hadi kustaafu. Lakini walianzia sakafuni, na hiyo ni miaka ya maarifa iliyopotea bure.

Kenya tuna nafasi ya kufanya vizuri zaidi, na sheria tunayo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, kifungu cha 28, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya taaluma yake, mradi vyeti vyake vitambuliwe na mamlaka husika nchini. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kizingiti. Ili vyeti vitambuliwe, uthibitisho hutakiwa kutoka kule mtu alikosomea. Sasa niambieni: mtu aliyekimbia serikali, au aliyeacha chuo chake mikononi mwa waasi, atauomba kwa nani? Cheti kikiwepo, mara nyingi kimeandikwa kwa Kifaransa, na tafsiri ni ya kulipia. Baada ya hapo kuna usajili, halafu kibali cha kazi. Mama wa vitenge anachoka kabla hajafika katikati.

Najua swali lililo midomoni mwa wengi, na ni swali la haki. Mbona vijana wetu wenyewe wamemaliza vyuo vya uuguzi na wanakaa nyumbani? Ni kweli, na inauma. Lakini kijana huyo hajakosa kazi kwa sababu ya Mkongomani wa Kitengela. Amekosa kwa sababu serikali za kaunti haziajiri vya kutosha. Kaunti yetu ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009, na sensa ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Watu wakiongezeka hivyo, wauguzi nao waongezwe. Na tukumbuke kwamba Julai 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kuwapeleka wauguzi wetu kule. Tunaitaka Uingereza iheshimu vyeti vya Machakos na Nairobi. Basi tuwe tayari kupima vya Bukavu.

Nimesema kupima. Siombi mtu yeyote aachiwe kushika sindano kwa kuhurumiwa; madaktari bandia wametuumiza vya kutosha. Ninachoomba ni mtihani. Baraza la Wauguzi la Kenya liweke njia ya mkimbizi ambaye hawezi kupata uthibitisho kutoka nchini mwake: apimwe kwa maandishi na kwa vitendo, kisha afanye kazi chini ya usimamizi kwa muda maalumu. Akishindwa, ameshindwa. Akifaulu, asajiliwe. Na kaunti ya Kajiado ianze kwa jambo ambalo halihitaji sheria mpya: iwaandikishe wakimbizi wote wenye mafunzo ya afya walioko Kitengela, Ngong na Ongata Rongai, tujue ni wangapi na wanajua nini.

Nawe msikilizaji, ikiwa unamfahamu jirani mkimbizi aliyesomea uuguzi, mwambie haki hiyo imo katika sheria ya Kenya. Msindikize hadi kwenye ofisi ya wakimbizi akaulize. Wengi hawajawahi kuambiwa.