Kabla ya Kulipia Buti, Geuza Soli

Mnunuzi makini hababaishwi na mng'aro. Hukigeuza kiatu kwanza, akatazama soli ilivyoshikwa.

Huko Northampton, mji wa Uingereza wenye sifa ya viatu kwa karne nyingi, buti bora huzungushiwa ukanda wa ngozi ukingoni, kisha soli hushonewa kwenye ukanda huo. Soli ikilika, fundi hufumua nyuzi na kushona soli nyingine, buti ikaendelea kuvaliwa miaka mingi. Ya gundi tupu huwa vigumu kuitengeneza vizuri. Tahadhari, maana viatu vingine huwekewa nyuzi za pambo ambazo hazishiki chochote!

Kisha ngozi. Ukiibonyeza, ile halisi hufanya mikunjo midogo isiyolingana. Ya plastiki mara nyingi hurudia mchoro uleule. Harufu isiaminiwe, kwani hata plastiki huweza kupuliziwa harufu ya ngozi.