Mutoto akiona chuma shambani



Watoto wetu wengi walizaliwa kambini, Lugufu ao Nyarugusu, kule Tanzania. Bomu la mkono hawalijui. Sasa tuko Fizi, tunalima mashamba yaliyolala miaka mingi, na wao wanaokota vyuma vya kuuzisha. Kutu haiuwi bomu! Pini ikitoka na kishikio kikiachia, ni sekunde 4 hivi, basi.

Tuwafundishe: ukikiona, simama. Usiguse, usitupie jiwe. Rudi kwa nyayo zako mwenyewe, uambie mkubwa, naye aende kwa chefu.

Halafu bunduki za nyumbani. Mujomba askari anakuja kulala, anaiegemeza ukutani, anasema, “Nimeshatoa masasi.” Amechomoa kile kisanduku tu, moja inaweza kubaki ndani. Aikague, aifungie, ufunguo akae nao mwenyewe. Kumwambia ni kazi ya sisi wakubwa, hata kama ni mgeni wa heshima.

Na wamama, wababa: mutoto akisema, “Nimeona chuma kule,” usimchape eti alifuata nini kule. Ukimchapa, kesho ataona kingine, atanyamaza.